Kwa nini die Schule hugeuka der Schule

Neno shule tulilipata kwa Wajerumani. Walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, na Schule yao ikabaki vinywani mwa watu hata baada ya utawala wao kuondoka. Kwa hiyo anayeanza Kijerumani leo, Dar es Salaam au Nairobi, ana nomino moja ambayo maana yake anaijua tayari. Ningependa kila mwalimu aanzie hapo, kwa sababu ndani ya nomino hii mna karibu kila kitu kinachomkwamisha mwanagenzi.

Matamshi hayana taabu. Sch ni sh yetu, u huvutwa, na e ya mwisho hufifia, mdomo ukiwa umelegea. Katika maandishi, S huwa kubwa hata katikati ya sentensi, kama ilivyo kwa nomino zote za Kijerumani.

Halafu jinsia. Sisi tuliokulia kwenye ngeli hatushangai nomino zikipangwa makundi. Kijerumani kina makundi matatu, na alama yake hukaa katika neno dogo linalotangulia: der, die au das. Schule ni ya kike, die Schule, na wingi wake ni die Schulen. Nomino nyingi zinazoishia kwa e ni za kike, kama die Lampe na die Tasse, ingawa der Name na das Auge zinakataa kufuata mkumbo. Usiandike Schule peke yake daftarini. Liandike na die yake, ulikariri hivyo hivyo.

Kazi yenyewe inaanza pale unapotaka kusema shuleni. Kwetu, naenda shuleni, niko shuleni na natoka shuleni zote zinatumia umbo moja; kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu anakwenda, yupo au anarudi. Mjerumani anasema Ich gehe in die Schule akiwa anakwenda, lakini Ich bin in der Schule akiwa yupo. Kwa kuwa der ndiyo alama ya kiume, hapo wanafunzi wengi hudhani Schule imegeuka ya kiume. Haijageuka. Kihusishi in kinapoonyesha mwendo wa kuingia mahali, nomino huwa katika akuzativu na die hubaki die; kinapoonyesha kukaa mahali, nomino huwa katika dativu, na katika dativu die ya umoja huwa der. Jiulize tu: swali langu ni wohin, yaani kwenda wapi, au wo, yaani kuwa wapi?

Vihusishi vingine havina chaguo hilo. Aus na zu hutaka dativu siku zote, ndiyo maana natoka shuleni ni Ich komme aus der Schule, na zu der hufupishwa kuwa zur: Ich gehe zur Schule. Jihadhari na nach. Kwa kuwa watu husema nach Berlin na nach Hause, wanafunzi husema nach der Schule wakikusudia kwenda shuleni, kumbe wamesema baada ya shule.

Maneno yanapoungana, jinsia huamuliwa na neno la mwisho, na Schule ikitangulia, e yake huanguka: das Schulbuch ni kitabu cha shule, der Schulhof ni uwanja wake.

Muungano mmoja unahitaji uangalifu wa pekee, hasa kwa wauguzi na mafundi wanaotuma maombi ya kazi Ujerumani. Hochschule inaonekana kama shule ya sekondari, lakini ni taasisi ya elimu ya juu, ngazi ya chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha nne akiiandika kwenye wasifu wake amedai elimu asiyokuwa nayo, na vyeti alivyoambatisha vitampinga. Aandike weiterführende Schule. Na akieleza miaka yake ya sekondari, ajiite Schüler, au Schülerin akiwa mwanamke. Student na Studentin ni wa chuo.