Farasi: moyo wenye nguvu, mapafu yenye mishipa myepesi

Katika kiwanja cha polo cha Inanda, eneo la Sandton kaskazini mwa Johannesburg, wachezaji hubadilisha farasi baada ya kila kipindi cha takriban dakika saba. Mtazamaji aweza kudhani hiyo ni anasa ya matajiri, lakini muda huo mfupi humfikisha farasi karibu na ukomo wa uwezo wa moyo na mapafu yake.

Moyo na bandama

Farasi wa kilo 500 ana moyo wenye uzito wa kilo nne hivi, na damu yake hufikia lita 40 au zaidi. Akiwa ametulia, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, polepole kuliko wa binadamu. Akipiga shoti, mapigo hupita 200.

Papo hapo bandama, ambayo huhifadhi hadi theluthi moja ya chembe nyekundu, hujikaza na kuzimimina katika mzunguko wa damu. Oksijeni huongezeka, lakini damu nayo huwa nzito na huhitaji msukumo mkubwa zaidi.

Kipimo cha kwanza

Elimu ya shinikizo la damu ilianzia kwa farasi. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo alichomeka bomba katika mshipa wa farasi jike. Damu ilipanda karibu mita mbili na nusu. Siku hizi daktari wa mifugo hufunga mkanda wa kupimia kwenye shina la mkia.

Hatari iliyojificha

Tatizo liko mapafuni. Huko shinikizo, ambalo farasi akipumzika ni milimita 30 za zebaki au pungufu, hukaribia 100 anapokimbia kwa nguvu zote. Kuta za kapilari, zilizo nyembamba ili oksijeni ipenye, hupasuka na damu huvujia ndani.

Ni farasi wachache tu wanaotokwa na damu puani, hivyo mwenye mnyama aweza kumkimbiza miaka mingi bila kujua. Mara nyingi uvujaji huo hugunduliwa kwa bomba lenye kamera linalopitishwa hadi kwenye koo la hewa. Farasi anayepunguza kasi ghafla, au anayemezameza baada ya mbio, anastahili kupumzishwa na kupimwa kabla ya kulaumiwa kwa uvivu.