Julai ya London na Julai ya Sydney

Akina mama wengi tunaosoma gazeti hili tuna binti, mdogo wetu au wifi aliye ng'ambo. Akipiga simu, salamu zikiisha, hufuata habari za hali ya hewa, na mara nyingi tunamjibu kwa mazoea ya kwetu. Mwezi huu tumechukua miji miwili, London na Sydney, tukailinganisha kwa mwezi mmoja ambao miji yote miwili haitausahau: Julai 2022.

London iko kaskazini ya ikweta na Sydney iko kusini. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama, hivyo nusu moja ikilielekea jua, nusu ya pili huwa imelipa kisogo. Ndiyo maana Julai ni majira ya joto London lakini ni baridi Sydney, na Krismasi ya Sydney huliwa watu wakijipepea kama Dar es Salaam. Hata jua la adhuhuri hupita upande wa kusini London, na upande wa kaskazini Sydney. Anayetafuta nyumba ya kupanga akumbuke hilo.

Tarehe 19 Julai 2022, kipimo cha uwanja wa ndege wa Heathrow kilifika nyuzi 40.2 za Sentigredi. Kabla ya siku hiyo Uingereza haikuwa imewahi kufika nyuzi 40. Katika kijiji cha Wennington, pembezoni mwa jiji upande wa mashariki, moto wa nyasi uliteketeza nyumba za watu. Kikosi cha zimamoto cha London kilipokea simu zaidi ya 2,600 siku hiyo. Kwa kawaida hupokea kama 350.

Mama wa Lodwar au Garissa huenda akauliza: je, joto hilo nalo ni la kuua mtu? Liliua. Inakadiriwa kwamba wazee zaidi ya 2,800 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea walikufa Uingereza katika vipindi vya joto kali vya mwaka ule. Nyumba zao zimejengwa ili zishike joto wakati wa baridi, na nyingi hazina hata feni. Usiku nao haukuleta nafuu, kwa maana sehemu za kusini mwa London joto halikushuka chini ya nyuzi 25 hadi asubuhi. Mwili usiopoa usiku huamka umechoka tayari, na moyo wa mzee hauvumilii hali hiyo kwa siku nyingi.

Hapa ndipo ushauri wetu unapoweza kumdhuru binti. Sisi tungemwambia, "Fungua madirisha, mwanangu." Lakini hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, dirisha lililo wazi huingiza joto chumbani. Wataalamu wa afya wa kule waliwahimiza watu kufunga madirisha na mapazia mchana, kisha kufungua usiku.

Sydney mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwanzoni mwa Julai hiyo hiyo mvua zilinyesha mfululizo, bwawa la Warragamba likafurika, na makumi ya maelfu ya watu wakaambiwa wahame au wajiandae kuhama. Familia za Windsor, kando ya mto Hawkesbury, zilikuwa zikitoa matope nyumbani kwa mara ya nne tangu Machi 2021. Mwaka ulipoisha, Sydney ilikuwa imepata milimita zaidi ya 2,500 za mvua, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa tangu kumbukumbu zilipoanza katika karne ya 19. Hata wasiofikiwa na mafuriko walipambana na ukungu mweusi ukutani na kabatini. Nguo zilianikwa ndani na unyevu ukazidi, na kifua cha mtoto mwenye pumu hakipendi ukungu. Huyo wa Sydney ndiye wa kuambiwa afungue dirisha mchana, hata kama ni baridi.

Mvua hizo zilichangiwa sana na La Niña, hali ambayo maji ya joto ya Bahari ya Pasifiki husukumwa magharibi, kuelekea Indonesia na Australia, na mawingu huyafuata. Kwetu Afrika Mashariki hali hiyo hiyo mara nyingi huzuia mvua. Ilidumu kwa vipindi vitatu mfululizo, kuanzia 2020, na ndiyo miaka ambayo misimu mitano ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Akina mama wa Marsabit walikuwa wakizika mbuzi wakati wenzao wa Windsor wakianika magodoro.

Basi simu ijayo, ukiwa na binti London mwezi wa Julai, usiulize tu mchana ulikuwaje. Uliza usiku alilalaje, na yule bibi jirani anayeishi peke yake kama ameonekana. Na sweta za wajukuu zitumwe mapema: za Sydney Aprili, za London Septemba.