Mtoto wa Mbwa Akifika Nyumbani: Usiku wa Kwanza

 

Tukitembelea vikundi, kuna lalamiko moja tunalosikia mara kwa mara. Mtu amenunua mtoto wa mbwa ili aje alinde kuku, ng'ombe na ghala. Usiku wa kwanza mnyama analia kuanzia saa mbili hadi jogoo awike. Watu hawalali. Mzee wa nyumba anaamka na fimbo, au anamtupa nje mvua ikinyesha. Baada ya wiki moja mbwa amekufa, au ametoroka, au anaogopa kila mtu na kujificha nyuma ya choo. Pesa zimekwenda bure, na kuku bado hawana mlinzi.

Mama mmoja katika kikundi cha kuku alituuliza, "Sasa huyu mbwa analilia nini, na chakula nimempa?" Swali hilo ni zuri sana. Tukilijibu sawasawa, mengine yote yatakuwa rahisi.

KWA NINI ANALIA?

Mpaka jana mtoto huyu alikuwa analala katikati ya ndugu zake, wamerundikana juu ya mama yao. Alisikia joto lao, harufu yao na kupumua kwao. Hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Leo amefika mahali ambapo hakuna harufu hata moja anayoijua. Kulia ndiyo njia aliyopewa ya kumwita mama yake amtafute. Siyo ukaidi, wala si kwamba ana laana kama wengine wanavyodhani.

Ukimpiga, hajifunzi kunyamaza, maana hajui amekosa nini. Anachojifunza ni kwamba mkono wa mtu unaleta maumivu. Hapo ndipo shida kubwa inapoanzia. Kuanzia wiki 3 hadi karibu wiki 14 za maisha yake, mbwa anajifunza ni nani wa kuamini na ni nani wa kuogopa. Anayojifunza wakati huo hukaa naye miaka mingi, na usiku wa kwanza nyumbani kwako unaangukia ndani ya muda huo huo.

Wapo wanaosema, "Mbwa akibembelezwa hatakuwa mkali." Hebu tufikirie pamoja. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayejua watu wake na boma lake, ndiyo sababu mgeni akiingia anabweka. Mbwa aliyekuzwa kwa fimbo, au aliyelishwa pilipili ati awe mkali, hana tofauti ya mgeni na mwenyeji. Anauma kwa hofu. Na mara nyingi anayeumwa si mwizi. Ni mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto.

KABLA YA KUMCHUKUA

Wengi wetu tunanunua mbwa katika soko la Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, soko linalojulikana mbali kwa biashara ya mbwa. Wengine wanapewa na jirani. Kwa jirani kuna faida moja: unaweza kumwona mama yake. Mama akiwa mtulivu na mwenye afya, hiyo ni dalili njema kwa watoto. Sokoni mbwa kutoka maboma mengi wanakutana, na magonjwa pia yanakutana, hasa ule wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa haraka. Kwa hivyo angalia vizuri:

1. Umri. Asiwe chini ya wiki 8. Mfungue mdomo: meno madogo ya utotoni yawe yametoka. Aliyeachishwa mama mapema zaidi atalia zaidi na kuugua upesi.

2. Afya. Macho yawe safi, pua isitoe kamasi, na sehemu ya nyuma isiwe na kinyesi cha maji. Tumbo lililovimba kama ngoma kwa kawaida ni minyoo.

3. Chakula. Muulize mwenye mbwa anamlisha nini. Siku chache za kwanza umpe hicho hicho, halafu ubadilishe polepole.

4. Kitambaa. Omba tambara au kipande cha gunia alilolalia mama yake. Hakigharimu kitu, na usiku utaona kazi yake.

Safari nayo ina mambo yake. Usimfunge ndani ya gunia juu ya boda boda. Mtie katika katoni yenye matundu au kikapu, umshike mapajani. Na ufike nyumbani mchana, ili giza lisimkute hajajua hata mlango uko wapi.

JIONI YA KWANZA

Akifika, watoto wote watataka kumbeba. Waambie wangoje. Mwache anuse, atembee, anywe maji, ajue mahali pa kujisaidia. Watoto wakae chini, yeye mwenyewe ndiye awaendee, mmoja mmoja.

Mpe chakula kidogo: uji, au ugali laini uliolowekwa katika mchuzi wa omena usio na chumvi nyingi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Usimpe maziwa mengi ya ng'ombe, yanaweza kumharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia usimpe, kwa sababu inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Mbwa wa umri huu ale mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Chakula cha mwisho kiwe mapema jioni, halafu umtoe nje ajisaidie kabla hamjalala.

USIKU WENYEWE

Sisi wa Kakamega tunajua baridi ya usiku. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua hainyimi mwezi hata mmoja. Mtoto wa mbwa hana mafuta mwilini ya kumkinga. Baridi peke yake inaweza kumuua. Fanya hivi:

1. Chukua katoni au karai kuukuu. Weka gunia kavu chini, na lile tambara la mama yake juu.

2. Jaza chupa ya plastiki maji ya vuguvugu, siyo yanayochemka. Ifunge kabisa, uiviringishe kwa nguo nzee, uiweke pembeni mwa katoni. Atajibana nayo kama anavyojibana na ndugu yake. Aachiwe nafasi ya kusogea mbali akisikia joto limezidi.

3. Weka katoni karibu na mtu mzima anapolala, hata chini kando ya kitanda. Akisikia mtu anapumua, hofu inapungua. Akilia, mguse kidogo au mwambie neno moja kwa sauti ya chini. Usipige kelele, na usianze kucheza naye.

4. Mtoe nje mara moja au mbili usiku. Mbwa wa miezi miwili hawezi kushikilia mkojo mpaka asubuhi. Akikojoa ndani, pangusa tu. Kumsukuma pua ndani ya mkojo hakumfundishi kitu.

Kuna tahadhari mbili. Usimwachie jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa ati apate joto. Hewa yake haina harufu, na inaua watu na wanyama wamelala. Tena, asilale katika matandiko ya watoto. Mbwa wachanga karibu wote huzaliwa na minyoo au huipata katika maziwa ya mama. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia kinywani mwa mtoto wa mtu, yanaweza kumletea ugonjwa, hata wa macho. Kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Atalia bado? Ndiyo, pengine kidogo usiku wa kwanza na wa pili. Wengi wanatulia baada ya siku tatu au nne. Hapo anza kusogeza katoni polepole: kutoka kando ya kitanda hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, na akipata nguvu, hadi kibanda chake nje. Kibanda kiwe kimeinuliwa kutoka ardhini na kisivuje. Ukimhamisha kwa mara moja, utarudi pale pale ulipoanzia.

WIKI ZINAZOFUATA

Mpe jina moja fupi, Simba au Tomi au lolote, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Mwite ukiwa na chakula, naye atajua jina lake ni habari njema. Mwonyeshe kuku na mbuzi akiwa bado mdogo, ukiwa umemshika, ili akikua awalinde badala ya kuwafukuza.

Nenda duka la agroveti au kwa daktari wa mifugo upate dawa ya minyoo ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake. Mchunguze viroboto na kupe. Angalia pia vidole: katika nyumba zenye sakafu ya udongo, funza huingia katika miguu ya mbwa kama inavyoingia katika yetu, na mbwa asiyetibiwa anawarudishia watoto funza kila siku. Lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa mchanga kwa kukadiria tu. Inaweza kumuua siku hiyo hiyo. Uliza kwanza.

CHANJO SI JAMBO LA HIARI

Akifikisha miezi mitatu, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoeleza. Ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wanaambukizwa na mbwa. Watoto chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa mwaka wa 2014 wa kumaliza vifo hivyo kufikia mwaka wa 2030. Mkakati huo hautafaulu kama sisi wa vijijini tutawaficha mbwa wetu siku ya chanjo.

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni mdogo, hata kama ni wa nyumbani, oshani kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Msipake udongo, majani wala mafuta. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Dalili zikishaanza kuonekana, karibu hakuna anayepona. Kungojea kuona itakuwaje ni kumwua mtu kwa subira.

JAMBO LA KIKUNDI

Hakuna aliyesema kila mtu afanye haya peke yake. Kikundi kinaweza kununua dawa ya minyoo kwa pamoja, au kumwita daktari wa mifugo siku moja ahudumie mbwa wa wanachama wote. Mwenye uzoefu amtembelee mwenzake siku mbwa anapofika. Usiku wa kwanza ukienda vizuri, mmepata mlinzi wa miaka kumi. Ukienda vibaya, mmepata mnyama anayeogopa watu, na boma lenye watoto si mahali pa mnyama kama huyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Katika boma zetu, mtoto wa mbwa analala wapi usiku wa kwanza? Kwa nini?

2. Ni mbwa wangapi wa wanachama wetu waliochanjwa? Tunajuaje?

3. Mwaka uliopita, ni nani aliumwa na mbwa katika kijiji chetu, na tulimfanyia nini?

4. Mwezi huu tutafanya jambo gani moja pamoja, na nani atalisimamia?

Mkishajadili, katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi. Tutakapowatembelea tena, tutapenda kusikia mmefika wapi. Na tutapenda pia kumwona huyo Simba wenu, akiwa mzima na akibweka anapotuona mlangoni.