"Mean Girls": Wahakiki Waliisifu, Afrika Ikabaki Pori

Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, hakuwa na kawaida ya kuzionea huruma komedi za vijana. Kazi yake ilimlazimu kuzitazama kwa makumi, nyingi zikiwa mizaha ya aibu iliyounganishwa na muziki wa disko, na akichoka alisema. Lakini "Mean Girls" ilipoingia sinema Aprili 30, 2004, aliipa nyota tatu kati ya nne. Katikati ya jangwa la filamu za kipuuzi kuhusu vijana, aliandika, hii ina akili na inachekesha. Shule inayosimuliwa, kwa bahati, iko Evanston, Illinois, jirani kabisa na Chicago, mji wake.

Sifa nyingi zilimwendea mwandishi, Tina Fey, aliyekuwa akiongoza waandishi wa kipindi cha vichekesho cha "Saturday Night Live". Alichukua "Queen Bees and Wannabes", kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002 chenye ushauri kwa wazazi wa mabinti. Hakikuwa na hadithi wala wahusika. Fey akavitunga: Cady Heron, msichana wa miaka 16 asiyewahi kukanyaga shule, anaangukia mikononi mwa kundi la warembo watatu linalotawaliwa na Regina George.

Hapo ndipo filamu inapouma. Hawa hawarushiani ngumi. Wanasengenyana, wananuniana, wana daftari la kuchafulia majina ya wenzao. Regina humsifia mwenzake sketi huku akitabasamu, na mwenye sketi akishatoa kisogo tu, inakuwa sketi mbaya kuliko zote duniani. Msomaji aliyekulia kwenye mipasho na vijembe vya uwani hahitaji mkalimani. Rachel McAdams anamcheza Regina bila kupandisha sauti, na ndiyo maana anatisha.

Lawama yangu ya kwanza ni mwisho wake. Cady anavishwa taji la plastiki, analivunja, anawagawia wenzake vipande, na uhasama wa mwaka mzima unayeyuka ukumbini. Sukari imezidi. Mwongozaji, Mark Waters, ni ndugu wa Daniel Waters, aliyeandika "Heathers", komedi nyeusi ya 1989 ambamo kiongozi wa wasichana wa aina hiyohiyo anauawa. "Heathers" haikupata watazamaji sinema, ikaja kuenziwa baadaye. Mark alishika njia laini, na njia laini ililipa: filamu iliyogharimu dola milioni 17 hivi iliingiza takriban milioni 130 duniani.

Wahakiki walisifu, wakahamia filamu ya wiki iliyofuata. Vijana walibaki. Hadi leo mashabiki huvaa rangi ya waridi Jumatano na kuiadhimisha Oktoba 3, kwa sababu tu tarehe hiyo inatajwa katika mazungumzo mafupi ya darasani.

Lawama ya pili inatuhusu sisi. Cady amekulia "Afrika", miaka 12, na wazazi watafiti wa wanyama. Afrika ipi? Filamu haisemi. Mmoja wa wale warembo anamuuliza iweje atoke Afrika na awe mzungu, nasi tunacheka, maana mjinga ni muulizaji. Sawa. Ila filamu yenyewe haimzidi sana. Kila Cady anapokumbuka alikotoka, kumbukumbu ni za wanyama: wanafunzi kwenye jengo la maduka wanageuka kuwa kundi la wanyama waliokusanyika penye maji. Jina la mvulana mmoja, Nfume, linapita kama upepo. Mtu aishi mahali miaka 12, asimkumbuke jirani wala mama muuza mandazi? Fey aliyewachunguza wasichana wa Illinois hadi kwenye mikunjo ya sketi hakuona haja ya kuichunguza Afrika. Alihitaji pori la kufananishia shule, akalipata.

Hadithi ilipogeuzwa tamthilia ya muziki na kufika kumbi za Broadway, New York, mwaka 2018, pori likapewa jina: Kenya. Tamthilia hiyo iliteuliwa kuwania tuzo 12 za Tony na haikupata hata moja. Filamu iliyotokana nayo, ya Januari 2024, nayo inamtoa Cady Kenya, kisha inaondoka haraka. Wahakiki waliipokea kwa ubaridi kiasi kuliko ile ya kwanza, na baadhi ya watazamaji walishangaa waigizaji walipoanza kuimba, kwani matangazo yalikuwa yameuficha muziki. Bado ilivuka dola milioni 100. Reneé Rapp, Regina wa filamu hii mpya, ana sauti ya kutetemesha ukumbi, lakini Regina anayeimba hisia zake amepoteza nusu ya sumu; yule wa 2004 hakumweleza mtu chochote.

Kwa hiyo ukiwa na muda wa filamu moja tu, tazama ya 2004. Mwenye binti wa sekondari aketi naye, akijua kuna matusi na mizaha ya kimapenzi humo. Marekani waliipa daraja la PG-13, yaani onyo kwa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13.