Ngoma ya Mwali na Sauti ya Bibi Titi

Mzenga ya Kisarawe, reli ya TAZARA inakopita kwenda Kisaki, ni nchi ya Wazaramo, na kwa Mzaramo binti hakui mpaka aimbiwe. Zamani akivunja ungo aliwekwa ndani miezi mingi, chini ya kungwi, na kupewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti isiyo na mikono, yenye mashungi kichwani, aitunze kama mtoto. Siku ya kumtoa mwali, wapigaji huwasha majani makavu, wakazigeuzageuza ngoma motoni, wakigonga kwa kiganja na kusikiliza mpaka ngozi ikaze. Ndipo mwimbishaji anapotoa wimbo, wanawake wakaupokea, na aliyeguswa akaingia uwanjani kumtunza. Mume mlevi, deni, ukewenza: yote husemwa humo hadharani, kwa kuwa ni wimbo.

Kwangu mimi hilo ni baraza kamili, na lilikuwepo kabla ya chama chochote cha siasa.

Dar es Salaam, mjini kwa Wazaramo hao hao, vyama vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi, michango na sare. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa mwimbishaji wa kundi la ngoma. Chama cha TANU kilichodai uhuru kilipompa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani mwaka 1955, alikwenda kwa wakuu wa ngoma, nao wakawaita watu wao. Mwaka huo huo wanawake wapatao 5,000 walichukua kadi. Wengi husifu hotuba zake. Mimi nasifu koo lililozoea kuimbisha, linalojua lini litoe na lini lisubiri kiitikio.

Miaka hiyo hiyo kule Marekani, Mahalia Jackson, aliyekulia katika kwaya ya kanisa New Orleans, aliwaimbia watu weusi wa Montgomery waliosusia mabasi yenye ubaguzi wa rangi. Tarehe 28 Agosti 1963 akaimba Washington kabla ya hotuba ya Martin Luther King. Wenzetu walikusanyikia kanisani, sisi kwenye uwanja wa ngoma.

Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 kwa uhaini, akaachiwa 1972, akafariki 2000. Leo ana barabara kubwa mjini. Mwimbishaji wa kijijini hutegemea noti za kutunzwa, na spika za kukodi zinazidi kumfunika sauti. Wazazi mnaokodi muziki siku ya mwali, mpeni naye usiku mmoja, spika zikiwa zimezimwa.