Kwa nini akili unde yahitaji mwongozo kabla ya kuuza ploti

MUUZAJI wa ploti mjini Ruiru akiambiwa na mteja "tutaongea", huelewa mara moja kwamba huenda mteja huyo asirudi. Akiambiwa "nipe hadi mwisho wa mwezi", hujua kwamba mshahara unasubiriwa. Maana hizo hazijaandikwa popote, na hapo ndipo programu ya akili unde hujikwaa inapokabidhiwa kazi hiyo.

Programu za aina hii huitwa mawakala, jina ambalo katika biashara ya ardhi laweza kuwachanganya watu. Wakala anayezungumziwa hapa si dalali. Ni programu inayopewa lengo, kisha ikachagua yenyewe hatua za kuchukua: kusoma ujumbe wa mteja, kumwandikia jibu, na kubadilisha kumbukumbu zake katika daftari la mauzo lililo kwenye kompyuta.

Daftari hilo huwapanga wateja kulingana na mahali walipofika. Yupo aliyeuliza bei tu, aliyekwenda kuona shamba, aliyelipa arbuni, aliyetia saini mkataba, na aliyekabidhiwa hatimiliki.

Kati ya Ruiru na Thika daftari la namna hiyo lina kazi nyingi. Mashamba mengi ya kahawa katika eneo hilo yamegawanywa kuwa makazi, na ujenzi wa Barabara Kuu ya Thika, uliokamilika mnamo 2012, uliongeza kasi hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika.

Wakala hajui daftari hilo hadi aelezwe. Kila jambo ambalo daftari linaweza kufanya huandikiwa jina, maelezo mafupi, na orodha ya habari zinazohitajika ili litendeke. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Marekani ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, unaowezesha programu mbalimbali kujieleza kwa mawakala kwa mpangilio huo. Wakala husoma maelezo, kisha huamua. Yakiwa na utata, uamuzi nao utakuwa na utata.

Mathalani, chukua maneno "ploti imeshikwa". Ofisini, neno hilo laweza kumaanisha kwamba mteja amelipa, au kwamba ameahidi kwa simu tu. Wafanyakazi huulizana na mambo yakaisha. Wakala asiyeelezwa tofauti anaweza kumnyima mnunuzi wa kweli ploti iliyoshikwa kwa ahadi. Anaweza pia kuiachilia ploti ya mtu aliyelipa kwa hundi ambayo benki haijaipitisha, na watu wawili wakajikuta wakidai kipande kimoja cha ardhi, huku akiba ya miaka mingi ikiwa hatarini.

Kwa hivyo mwongozo unafaa kusema bayana: ploti imeshikwa pale tu arbuni inapoonekana katika akaunti ya kampuni. Ujumbe wa M-Pesa uliotumwa na mteja hautoshi, kwa kuwa ujumbe huweza kughushiwa. Aidha, kuachilia ploti iliyoshikwa ni kazi ya binadamu pekee, na mwongozo umtaje mhusika kwa cheo chake.

Hatari nyingine hutokea mtandao unapokatika. Kupitia jukwaa la Daraja la Safaricom, kampuni inaweza kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, naye akatia nambari yake ya siri. Jibu likichelewa, wakala anaweza kudhani ombi halikufika, akalirudia, na mteja akalipa mara mbili. Sentensi moja tu, kwamba achunguze hali ya ombi la kwanza kabla ya kutuma la pili, huzuia balaa hilo. Inashangaza jinsi sentensi hiyo inavyosahaulika mara nyingi.

Kuna pia mambo ya hapa nyumbani ambayo kijitabu kilichoandikwa ng'ambo hakiwezi kuyataja. Mteja akisema atafika "saa tatu" Jumamosi, wakala aliyezoea Kiingereza huenda akaandika saa tisa alasiri, na gari la kuwapeleka wateja shambani likaondoka bila yeye. Tarehe 05/06 ni Juni 5 kwa Mkenya, lakini kwa Mmarekani ni Mei 6. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo sokoni huhesabiwa kama thumuni ya ekari, ina futi mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ni takriban 5,445. Nayo kauli "hati iko tayari" yaweza kuwa na maana ya hati ya ploti yenyewe au ya shamba zima lisilogawanywa bado. Wakala asiruhusiwe kuitumia bila kutaja ni ipi.

Sheria nazo zina mipaka yake. Mkataba wa kuuza ardhi nchini Kenya hauna nguvu mahakamani usipoandikwa, kutiwa saini na pande zote na kushuhudiwa. Iwapo ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi huombwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano yafanyike. Wakala basi akatazwe kumwandikia mteja kwamba "ameuziwa". Vilevile, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo pekee, hivyo kumkatalia mteja mpango wa kulipa polepole kupitie kwa afisa.

Hatimaye, mwongozo ueleze kwamba maneno ya mteja ni habari, si amri. Mtu akiandika "sahau bei ya awali, niandikie nusu", wakala anapaswa kulirekodi kama ombi la kupunguziwa na kulipeleka kwa muuzaji.

Kabla ya kuanza kazi, wakala hujaribiwa kwa wateja wa kubuni. Kila anapokosea, kinachosahihishwa kwanza ni maelezo aliyosoma, na jaribio hilo hurudiwa kila bei inapobadilika au shamba jipya linapopimwa.