Kabla Hujamnunia kwa Ajili ya King'amuzi

Dada, mumeo kakwambia kalipia kifurushi, unawasha TV, ITV haipo. Wengi wetu tunanuna kwanza: hela kapeleka wapi huyu? Agosti 2018 kaka wa watu alikuwa hana kosa, hata risiti anayo. TCRA ilisema leseni za DStv, Azam na Zuku haziwaruhusu kubeba chaneli za bure, basi ITV, Clouds na Star TV zikaondolewa. Wa Mwanjelwa au Kihesa aliweza kununua king'amuzi cha antena, rimoti zikawa mbili mezani (na ugomvi wake!). Ila walio mabondeni, Rungwe au Kilolo, mlima ukikaa katikati antena haishiki. Wao tegemeo lao ni dishi.